Dole Gumba la Bachisio

Nianze na kosa langu, maana wanaonijua watanicheka nikianza kwa kujisifu. Mimi ni Gesuino, mtu wa posta wa kijiji chetu kwa miaka thelathini na mmoja, sasa nimestaafu, na kosa langu ni kwamba mikono yangu haijui kutulia.

Kugawa barua kunakufundisha nyumba za watu. Unajua nani anaandikiwa kutoka bara na nani anasubiri bure. Mimi nilijua na jambo jingine: kila nyumba ina kisu gani. Kwetu, kwenye milima ya kisiwa chetu, mwanamume hatoki bila kisu chake cha kukunja mfukoni, kama vile hatoki bila suruali. Ukialikwa kula, kila mtu anatoa chake, anakikunjua, anakata mkate na nyama. Ole wako uombe kuazimwa. Kuna mzee wa hapa aliyesahau kisu kwenye harusi ya mpwa wake, na hadi leo wajukuu zake wanataniwa.

Lakini visu huzeeka kama wenyewe. Mwenye kisu akifa, kinatupwa kwenye droo pamoja na vifungo na vipande vya mishumaa, kinashika kutu, na pembe ya mpini inaliwa na wadudu wale wale wanaokula sufi. Visu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiviomba mlangoni, baada ya kutoa barua. Nilitoa chupa ya mafuta ya zeituni, nikapewa kisu. Nyumbani nilikifungua, nikakisafisha, nikakata pembe mpya ya kondoo dume, nikagonga pini mpya za shaba. Vingine nilivibadilisha kabisa, mpini mwingine, mkunjo mwingine, mpaka wenyewe wasingevitambua. Ninavyo mia moja na arobaini na tatu. Mke wangu anasema angejua, angeolewa na mchinjaji, angalau angekula nyama.

Kimoja tu nilikitamani miaka ishirini nisikipate, nacho ni kisu cha Bachisio.

Bachisio alikuwa mchungaji, mtu mpana, mwenye mikono kama koleo. Mwaka aliooa alinunua kisu kwa fundi mmoja wa zamani ambaye alama yake ni nyota ndogo iliyogongwa kwenye shina la ubapa. Fundi huyo alikufa nikiwa mtoto, na visu vyake vinavyojulikana havizidi vinne. Ubapa wake ni kama jani la mhadasi, mwembamba, unaochongoka kuelekea nchani bila haraka. Nilimwomba Bachisio kila mwaka.

"Mjomba, hukiuzi?"

"Nikikuuzia, jibini nitakula kwa meno ya nani? Lete barua yangu uende zako."

Alikula nacho jibini miaka arobaini na mmoja, akafa. Kisu kikabaki kwa mkewe, Shangazi Raimonda. Si shangazi yangu wa damu. Kwetu kila mwanamke aliyetutangulia kwa umri ni shangazi, atake asitake. Yeye hakukitia kwenye droo. Alikitia mfukoni mwa aproni, na tangu siku ya maziko hakuna aliyemwona bila mkono wake kuwa mle ndani.

Sababu ilijulikana na kijiji kizima. Katika miaka ile yote, dole gumba la Bachisio lilikuwa limekula pembe ya mpini upande mmoja, likafanya kibonyo laini. Raimonda alikuwa akiweka dole gumba lake pale pale. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, akawa anasali rozari hivyo hivyo, mkono mfukoni, bila shanga. Padri alimwambia siku moja, "Raimonda, kisu si kitu cha kusalia." Akamjibu, "Na shanga zako, padri, zilichunga kondoo wangapi?"

Mwezi wa kumi mwaka jana Raimonda akaja kwangu, anapapasa ukuta kwa fimbo. Akaweka kisu mezani, kimekunjwa.

"Gesuino mwanangu, kinacheza. Pini imelegea, na pembe inanyanyuka hapa, inanikwaruza. Kaza pini tu. Umenisikia? Pini tu."

"Nimekusikia, shangazi."

"Jumamosi ya wiki ijayo ni misa ya kumkumbuka Bachisio, miaka tisa tangu afe. Nakitaka siku hiyo." Halafu akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Na nikifa ni chako. Nimeshamwambia Mariangela." Mariangela ni binti yake, anayeishi bara.

Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikarudi mbio, nikawasha taa ya meza ya kazi ingawa kulikuwa mchana.

Sikumdharau mama yule. Nisikilizeni vizuri hapa, maana nimejiuliza mara nyingi. Nilipoitoa pini nikaona chini ya pembe wadudu wamechimba njia. Pini tu isingetosha, pembe ingepasuka kabla ya Krismasi. Basi nikaitoa pembe. Ilikuwa imejikunja, nikaipasha kwenye mafuta ya moto ikalainika, nikaibana kwenye jiliwa inyooke. Nikajaza matundu kwa unga wa pembe na gundi, nikairudisha, nikagonga pini tatu za shaba. Ikawa imara, lakini uso wake haukuwa sawa na chuma. Nikachukua tupa, kisha msasa mkavu, kisha msasa wa maji. Harufu ya pembe inayosuguliwa, kama ya nywele zilizoungua, ilijaa chumbani na mimi niliimba, ndiyo, niliimba. Macho yangu yaliona bonde kwenye pembe, na kwa mtu wa kazi yangu bonde ni kasoro. Mikono ikasawazisha. Nilipomaliza, mpini uling'aa kama asali, na ile nyota ndogo ilionekana kama imegongwa asubuhi ile. Nilimwita mke wangu aje aone. Akasema ni kizuri, akarudi kwenye maharage yake.

Jumanne ya wiki ya misa Shangazi Raimonda alipita. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Kitakuwa tayari?"

"Kitakuwa tayari, shangazi. Utakifurahia."

Alikuwa na mkono mfukoni, na mle ndani kitu kilikuwa kikisogea. Akaona nimenyamaza, au tuseme akasikia, akacheka kidogo kwa aibu, akakitoa. Kilikuwa kibanio cha nguo, cha mti.

"Mkono umezoea," akasema. "Nimeupa hiki uchezee. Lakini hakina mtu."

Akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika mlango. Ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Nilirudi mezani nikakishika kile kisu, nikapitisha dole gumba. Laini. Hakuna kitu. Bachisio nilikuwa nimempangusa pamoja na vumbi, nikamkung'uta sakafuni, na mke wangu alikuwa ameshafagia.

Nilikwenda kwa Efis. Efis ni mhunzi wa kweli, visu ndivyo vinavyomlisha, na watu kama mimi anatuita wauaji wa visu.

"Mtu wa posta! Umeua kipi leo?"

Sikucheka. Niliweka kisu juu ya meza yake kikiwa kimekunjwa, maana kwetu watu hawapokezani kisu mkono kwa mkono. Akakichukua, akakikunjua, akasikiliza mlio wake.

"Kazi safi. Nani kakusaidia?" Kisha dole lake likatembea kwenye mpini, likasimama, likarudi. Tabasamu lake likafutika. "Gesuino. Kiko wapi?"

"Nini?"

"Usijitie hamnazo. Kibonyo. Kanisa zima linakijua."

"Nimekisawazisha."

Efis aliketi juu ya gogo la fuawe. Akajifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

"Umemzika Bachisio mara ya pili," akasema, "na safari hii bila padri."

"Nitakirudisha. Nikikwangua kwa kipande cha chupa polepole, nikasugua kwa ngozi na majivu, nani atajua?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, rafiki yangu. Nenda kamwambie leo."

"Ana miaka themanini na mitatu, Efis!"

"Basi ameshaambiwa mabaya kuliko hilo. Mficha uchi hazai. Mwambie, atakupiga na ile fimbo, utauguza mgongo, yataisha."

"Na asiponipiga?"

"Hapo sasa ndipo utajua umekosa kweli."

Nilitoka nikiwa nimeazimia kwenda. Nilifika hadi kona ya nyumba yake, nikaona moshi unatoka, nikasikia Mariangela amefika na wanacheka ndani. Nikageuka. Nilijiambia sitaki mama wa watu alie wiki ya misa ya mumewe. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba kisu kilikuwa kimeahidiwa kwangu, na mtu aliyeharibu harithi. Nayasema haya kwa kuwa hakuna aliyenilazimisha kuyasema, na kwa kuwa bado yananiuma.

Siku nne nilikaa na kile kisu. Nilivunja chupa ya bia nikachagua kigae chenye ukingo wa mviringo. Nilikwangua pembe uzi kwa uzi, nikapima kwa dole gumba langu, nikakwangua tena. Nilisugua kwa ngozi yenye majivu na mafuta ya nguruwe. Mwishoni nilisugua kwa dole lenyewe, saa nyingi, huku redio ikisema, mpaka ngozi ikaniwaka. Niliichafua pembe kwa chai nzito ili ule mng'ao ufe. Ijumaa jioni dole langu liliingia pale bila kutafuta, likatulia. Nilimshukuru Mungu, na sidhani kama alikuwa akinisikiliza.

Jumamosi, baada ya misa, tulikula kwa Shangazi Raimonda. Tulikuwa watu kumi na tano hivi. Kondoo wa kuchemsha na viazi na vitunguu, mkate mkavu mwembamba unaovunjika kwa kelele, jibini la mwaka jana, divai nyeusi. Wanaume tulikunjua visu vyetu, na meza nzima ikalia tak, tak, tak. Kabla sijaketi nilikwenda nikaweka kisu cha Bachisio mbele yake.

"Tayari, shangazi."

Alikitafuta mezani kwa vidole, akakichukua, akakikunjua. Alijaribu ubapa huku na huku.

"Hakichezi," akasema.

"Hakichezi tena."

Akakikunja. Dole gumba lake likapanda kwenye mpini, likapata kibonyo, likaingia. Alikaa hivyo, uso umeinama kidogo, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akakitia mfukoni.

Watu wakapiga makofi. Efis alikuwa upande wa pili wa meza, alinitazama mara moja tu, kisha akajishughulisha na mfupa. Mimi nilikula kama mfungwa aliyeachiliwa. Nilikunywa divai, nikasimulia hadithi ya mzee aliyesahau kisu harusini, wakacheka upya. Baada ya muda ndipo nilipoona sahani ya Shangazi Raimonda haijaguswa. Mkono wake ulikuwa mfukoni, na bega lilikuwa likitikisika kidogo, bila kukoma.

"Gesuino," akaita, "njoo jikoni unikatie jibini."

"Mama, jikoni kuna wanawake sita," Mariangela akasema. "Mwache mgeni ale."

"Nimemwita Gesuino. Hao sita watoke."

Wakatoka, wakinitania kwamba nimepata posa. Nikafunga mlango. Aliketi kwenye kigoda kando ya meko, akanionyesha kiti.

"Nipe mkono. Wa kulia."

Nikampa. Alikishika kidole changu gumba, akakipapasa kuanzia ukucha hadi shinani, taratibu, kama mtu anayechagua tini sokoni. Kisha akatoa kisu, akakiweka mezani, akanisogezea.

"Shika. Weka dole hapo."

Niliweka. Liliingia kama mguu kwenye kiatu chake. Hakuwa na haja ya kuona. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya wangu.

"La Bachisio lilikuwa pana," akasema. "Dole langu lilikuwa linapwaya mle ndani. Nilikuwa naweza kulizungusha. Hiki kinanibana. Tangu pale mezani nasema labda mkono wangu umevimba, labda ni uzee. Halafu nikakusikia unacheka. Mtu hacheki vile kwa sababu ya kisu kilichokazwa pini."

Nilitaka kusema wadudu walikuwa wamechimba. Nilisema. Nilimweleza yote, mafuta, jiliwa, tupa, chupa ya bia.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Zipi, shangazi?"

"Za kutengeneza kibonyo."

"Nne."

"Yeye alitumia miaka arobaini na mmoja." Hakusema kwa hasira. "Mbona hukuniambia? Nilisimama mlangoni kwako na kile kibanio. Ulikuwa unajua tayari?"

"Nilijua pale pale."

"Uliogopa nitalia, au uliogopa nitampa kisu mtu mwingine?"

"Yote mawili."

Aliitikia kwa kichwa, kama aliyetajiwa bei ya unga. Nje walikuwa wameanza kuimba, sauti nne za wanaume, wimbo aliokuwa akiupenda Bachisio. Nilipiga magoti. Sijui hata nilipataje kupiga magoti, na magoti yangu yalivyo.

"Nisamehe, shangazi."

"Nyanyuka, utaumia. Kuharibu nimekusamehe. Mikono yako ndivyo ilivyo, na mimi ndiye niliyekupa. Lakini nikuambie kilichoniuma. Miaka tisa nimekaa na mkono wa mume wangu. Leo, kwenye misa yake, mbele ya watu wake, nimekaa saa nzima nimeshika mkono wako." Akaifuta mikono yake kwenye aproni. "Mimi mke wa mtu, Gesuino."

Nilikosa pa kuuficha uso wangu, ingawa yeye hakuwa akiuona.

"Uondoe," akasema.

"Nini?"

"Mkono wako. Uondoe humo. Sasa hivi, hapa."

"Shangazi, nikiondoa, pembe itakuwa nyembamba sana. Na hakuna kitakachorudi. Itakuwa tambarare tu."

"Najua. Kuna chupa chini ya meza."

Nikavunja chupa ndani ya kitambaa, nikachagua kigae. Niliweka kisu kwenye ukingo wa meza ya jikoni, nikaanza kukwangua. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda. Pembe ilitoka kwa nyuzi nyembamba, ikaanguka kwenye mapaja yangu, na mimi nililia waziwazi, makamasi na yote, kama mtoto aliyevunja mtungi. Yeye alikaa kwenye kigoda akisikiliza kila mkwaruzo. Mara mbili Mariangela aligonga mlango, na mara mbili mama yake akamwambia jibini ni gumu. Mara moja aliniambia, "Hapo bado," nami nikapapasa nikakuta kweli bado.

Nilipomaliza nilifuta pembe kwa mkono wa shati. Nilikunja kisu, nikakiweka mezani. Juu ya kuwa kitakuja kuwa changu hakusema neno, nami sikuuliza.

"Kula jibini kabla hujatoka," akasema. "Umeitiwa jibini, usitoke mikono mitupu."

Nilikata kipande kwa kisu changu, nikatafuna, sikusikia ladha yoyote. Wale wa nje walikuwa wamefika mwisho wa wimbo na wakauanza upya. Shangazi Raimonda aliunyoosha mkono, akakitafuta kisu mezani, akakishika. Dole gumba lake likapanda kwenye pembe, likashuka, likapanda tena, na halikupata pa kusimama.